Gari la marehemu huuawa na kusimama, si na uzee

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niseme neno kuhusu magari ya marehemu. Mtu akitembea hapa Nairobi kutoka Ngara hadi Pangani, akachungulia nyua za nyumba za zamani, hatakosa kuliona moja. Limeegeshwa kando ya ukuta, magurudumu yameishiwa upepo, limefunikwa turubai la buluu lililochanika, na paka amejilaza juu ya boneti. Akiuliza ataambiwa kwamba gari ni la mzee, kwamba mzee alikwisha kutangulia mbele ya haki, na kwamba mambo ya urithi bado hayajamalizika. Wapita njia hudhani gari kama hilo limekufa kwa uzee. Mimi nimejifunza, kwa gharama ya mfuko wangu, kwamba mengi ya magari hayo yalikuwa mazima siku wenyewe walipozikwa, na kwamba yaliuawa baadaye kwa kuachwa yasimame.

Gari lililonifundisha ni Peugeot 504. Marehemu babangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilinunua jipya mwaka 1974 kwa fedha alizokuwa amezidunduliza tangu kabla sijazaliwa, na nambari yake ni ile ya zamani isiyo na herufi mwishoni. Hakulichagua kwa kubahatisha. Mtangulizi wake, Peugeot 404, alikuwa amekwisha kushinda mbio za Safari mara nne, miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na ule mwaka wa kwanza magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Babangu alishikilia kwamba kampuni iliyotengeneza gari la kuvuka matope ya Pasaka haiwezi kushindwa kumfikisha yeye, mkewe na watoto watano Mombasa kila Desemba. Pasaka ya 1975, Ove Andersson aliposhinda mbio hizo kwa 504 yenyewe, mama anasema babangu aliuzunguka mtaa mzima akipiga honi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa usukanini.

Chini ya kiti cha dereva aliweka daftari la shule. Humo aliandika kwa penseli siku ya kubadilisha oili, idadi ya kilomita, bei ya plagi na kazi aliyoifanya fundi. Kila Desemba, katika safari ya Mombasa, kuna mstari mmoja usiobadilika: "Mtito Andei, skrubu ya kabureta, nusu mzunguko." Utotoni nilidhani ni aina fulani ya dua ya safari. Ni majuzi tu nilipoelezwa kwamba kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ikiwa imepangwa kwa hewa nyepesi ya Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huhitaji kuongezewa petroli kidogo gari linapoteremka kwenda pwani ambako hewa ni nzito. Babangu hakuwa fundi. Alikuwa karani aliyependa kujua kwa nini.

Siku mbili kabla ya kufariki aliliendesha mwenyewe kwenda kuswali Ijumaa. Baada ya hitima, kaka yetu mkubwa aliuchukua ufunguo, akaufunga ndani ya leso na kumkabidhi mama. Nia yake ilikuwa njema kabisa, kwani hakutaka mmoja wetu aonekane akitembelea mali ambayo haijagawanywa, majirani wakaanza kusema kwamba watoto wa mzee wanakula urithi kabla kaburi halijakauka. Leso hiyo haikufunguliwa kwa miezi 14.

Muda wote huo sisi tulikuwa tukifanya hesabu. Kwa mirathi ya Kiislamu, mama akiwa mjane mwenye watoto alistahili thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, na zile sehemu saba zilizobaki zikawa zetu, wana wawili na mabinti watatu, kila mwana akipata mara mbili ya binti. Hesabu ilitoka safi ajabu: fungu moja la mama, moja moja la mabinti, mawili mawili ya wana, jumla mafungu 8. Shemeji yangu mmoja alitania kwamba gari nalo lina milango 4 na magurudumu 4, basi kila fungu lina kipande chake. Tulicheka, lakini palepale ndipo shida ilipo. Shamba hupimwa likakatwa, na nyumba hupangishwa kodi ikagawanywa, lakini gari halikatiki wala halizai, na kila mwezi linaosimama linapungua thamani kwa warithi wote sita kwa pamoja. Mwishowe tulilikadiria shilingi 160,000, nikawalipa wenzangu shilingi 140,000 kwa kuwa fungu langu lilikuwa 20,000, likawa langu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ametupa bei ya shilingi 35,000, akilizunguka na kulikagua kama mtu anayenunua ng'ombe wa kuchinja.

Nilidhani iliyobaki ni kazi ya betri mpya tu. Fundi niliyemwita ni mzee aliyetumia maisha yake karibu na Barabara ya Kirinyaga, ambayo yeye na wenzake mpaka leo huiita Grogan, na jambo la kwanza alilofanya ni kuninyang'anya ufunguo. Alifungua plagi zote nne, akamimina oili kijiko kimoja katika kila silinda, akafunika matundu kwa kitambaa na kwenda zake. Alirudi baada ya siku mbili. Akachukua hendeli, ile ya kuzungushia injini kwa mkono ambayo vijana wengi hawajawahi kuiona, akaipitisha kwenye tundu la bampa na kuanza kuisukuma polepole kwa viganja viwili. Ilizunguka nusu, ikagoma. Hakuilazimisha. Alikaa juu ya ndoo, akanywa chai, akamimina oili tena, na ilipofika alasiri injini ilizunguka mara moja nzima bila kelele. Nilipomwuliza kwa nini hakutumia stata tangu asubuhi, alinijibu kwamba mtu aliyezimia huanzwa kwa uji, hapewi pilau.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niandike barua hii. Petroli iliyokaa miezi 14 ilikuwa imegeuka utomvu wa rangi ya kahawia, ikaziba vitundu vya kabureta, na ilinuka kama vanishi ya mbao. Mafuta ya breki, ambayo kwa maumbile yake hufyonza unyevu wa hewani hata yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa, yalikuwa meusi kama chai ya strungi, na maji yaliyomo yalikuwa yameshikisha kutu pistoni za breki za mbele mpaka zikakataa kurudi. Sahani ya klachi ilikuwa imeganda. Magurudumu yalikuwa na meno mazuri lakini ubavuni yamepasukapasuka, na zile tarakimu nne zinazochapwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, zilionyesha kwamba yamepita miaka 10. Panya walikuwa wamezaa ndani ya feni ya hita na kuzitafuna nyaya za taa.

Kibaya zaidi kilikuwa kile tulichokiona kuwa baraka. Gari liliegeshwa chini ya mjakaranda ili lisipigwe na jua. Wakazi wa Nairobi tunajua mjakaranda unavyopendeza Oktoba, barabara zinapotandikwa zambarau, lakini maua hayo na majani yake madogo huingia kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele na kuziba tundu la kutolea maji. Mvua za vuli zilipokuja, maji yalikosa njia, yakateremka ndani, yakalowesha zulia la upande wa dereva na kukaa hapo hadi masika. Fundi alipoliinua zulia, kidole changu kilipenya sakafu kikatokea upande wa pili. Sakafu hiyo ilikuwa imemaliza miongo kadhaa ikiwa nzima. Tundu la kuzibua kwa kijiti limenigharimu kazi ya mchomeleaji ya siku tatu, na matengenezo yote kwa jumla yamepita shilingi 90,000, ambazo sehemu kubwa yake haikutokana na umri wa gari hata kidogo.

Kwa hiyo ningependa kuwaambia wenye magari kama haya ni nini kingefanyika, maana hakuna lililohitaji utaalamu. Gari lisilotumika liendeshwe walau mara moja kila wiki mbili kwa muda wa nusu saa. Ninasema liendeshwe, sisemi liwashwe. Jirani yetu mwema alikuwa akimshauri mama kila mara awashe injini dakika tano kisha azime, na watu wengi hufanya hivyo wakiamini wanalisaidia gari, ilhali injini isiyopata moto wa kutosha huacha maji ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi, na bomba huoza kutoka ndani huku nje likionekana zima. Isitoshe, breki na klachi hazisogei gari likiwa limesimama. Kama haliwezekani kuendeshwa kwa miezi mingi, basi tangi lijazwe petroli ili pasibaki nafasi ya unyevu kugandia, kabureta ikaushwe, waya wa betri uchomolewe, na gari liinuliwe juu ya magogo imara ili uzito usikae juu ya mpira mahali pamoja. Lifunikwe kitambaa kinachopumua. Turubai la plastiki huzuia mvua ya juu lakini hufungia ndani mvuke unaopanda kutoka ardhini, na katika mitaa yenye udongo mweusi wa mfinyanzi mvuke huo haukauki upesi hata kiangazi.

Kuhusu maji ya rejeta nitaongeza neno, kwa kuwa ndilo kosa ambalo hata babangu alilifanya, na daftari lake linamshuhudia. Kichwa cha silinda cha 504 ni cha aluminiamu ilhali injini yenyewe ni chuma, na maji yenye chumvichumvi yakipita baina ya madini hayo mawili huila aluminiamu taratibu. Maji ya visima vyetu, ambayo mitaa mingi ya Nairobi sasa inayategemea, hayafai hata kidogo. Yatumiwe maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, na yabadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama gari limetembea kwenda msikitini au kanisani pekee.

Mpwa wangu mmoja alinionya kwamba ninapoteza fedha kwa kuwa petroli ya magari haya haiuzwi tena tangu risasi ilipoondolewa katika mafuta. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 2006 tunauziwa petroli isiyo na risasi, na ni kweli pia kwamba risasi ilikuwa ikivilinda viti vya vali katika injini za kale ambazo viti hivyo vimechongwa kwenye chuma laini cha kichwa chenyewe. Lakini kichwa cha aluminiamu hupachikwa viti vya chuma kigumu, kwa sababu aluminiamu yenyewe isingestahimili kugongwa na vali, na ndiyo maana gari la babangu limekuwa likinywa petroli hiyo miaka yote bila kulalamika. Mwenye gari lenye kichwa cha chuma amwulize fundi kuhusu kubadilishiwa viti hivyo mara injini itakapofunguliwa, na afya za watoto wetu zilizookolewa kwa kuondolewa risasi ni faida asiyopaswa kuijutia.

Narudi kwenye leso ya kaka yangu. Wengi hulifungia gari kwa kuogopa sheria, na hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, katika kifungu cha 45, inamkataza mtu asiyeidhinishwa kuingilia mali ya marehemu, na anayekiuka anaweza kushtakiwa. Baada ya maombi ya kusimamia mali hiyo kuwasilishwa mahakamani, tangazo hutolewa na watu hupewa siku zisizopungua 30 za kupinga. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla haijathibitishwa ili ugawaji ufanyike, na kila anayezijua familia zetu anajua kwamba miezi sita ni kwa wale waliokubaliana. Hata hivyo, sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 67, inaitaja hati ya muda inayotolewa kwa ajili ya kukusanya na kuhifadhi mali peke yake, tena bila kungoja tangazo hilo. Sisi hatukuambiwa habari zake, nasi hatukuuliza. Tulizungumza na wakili kuhusu nyumba, tukazungumza kuhusu akiba ya benki, na gari likatajwa mstari wa mwisho kama sufuria.

Ombi langu kwa mawakili, makadhi na wazee wanaokaa na familia katika vikao vya kwanza baada ya msiba ni dogo. Linapotajwa gari, iulizwe palepale ni nani atakayelitunza hadi siku ya kugawanya, mtunzaji huyo aombewe idhini ya mahakama, bima isiachwe ikakatika, na kila safari ya kulizungusha iandikwe mahali ambapo ndugu wote wanaweza kuisoma. Kutunza si kurithi. Kaka yangu, ambaye amenisomea barua hii kabla sijaituma, anakubali kwamba daftari la aina hiyo lingemtoa wasiwasi kuliko leso.

Kwa serikali nina ombi jingine, nalo ni kwamba magari haya yapewe daraja lake katika sajili ya magari. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali yake ya asili na halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Ujerumani huyapa nambari maalum yenye herufi H, na Uingereza huyasamehe kodi ya barabara yakipita miaka 40. Siombi kusamehewa ukaguzi, kwa kuwa breki mbovu huua bila kujali umri wa gari. Ninaomba mkaguzi awe na kipimo kinachofahamu kwamba gari la 1974 lisilo na kompyuta halina ugonjwa, na kampuni za bima ziwe na msingi wa kukadiria thamani yake badala ya kutupatia ile bima ndogo ya kufidia watu wengine na kutufungia mlango. Ikumbukwe pia kwamba kanuni zetu hazikubali kuingizwa nchini magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Mimi naiunga mkono kanuni hiyo, lakini maana yake ni kwamba kila 504 inayouzwa kwa kilo haitapata wa kuchukua nafasi yake. Matajiri wanaoyapeleka magari yao kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yaliyoanza mwaka 1970, hawaihitaji barua hii. Ninawaandikia wenye turubai la buluu.

Gari sasa linatembea. Jumamosi za kwanza na za tatu za mwezi huliendesha hadi Ruiru na kurudi, mama akiwa kiti cha mbele, na mara mbili tumesimamishwa na wazee wasiotujua waliotaka kulishika tu. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari la babangu nimeandika jina la yule mpwa aliyenionya kuhusu petroli, kuwa yeye ndiye atakayelizungusha siku nikiondoka, hata kama ugawaji utachukua miaka, na ndugu zangu wanne wametia sahihi chini yake. Ameanza kuja asubuhi za Jumamosi. Juzi alizibua tundu la chini ya kioo kwa kijiti kabla sijamwambia.

Mrithi wa 504,
Pangani, Nairobi